Resi Elfu Nane

Alhamisi, 3 Aprili 2025

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo baada ya adhuhuri. Mabati ya gereji yalipiga kelele hata Munee, fundi mwenzangu, alipokuwa akiniita sikumsikia, ikabidi anirushie kitambaa. Mvua ikishika hivi kazi hupungua, watu huyaacha magari nyumbani, nami hupata nafasi ya kuandika. Kaskazi nashika spana, masika nashika kalamu. Ndivyo nilivyo tangu nilipofungua gereji hii hapa Msambweni, kando ya barabara kuu.

Mwaka huu nina jambo la kuandika. Binti yangu Yusra amekuja na masanduku mawili mazito, ameyakumbatia kifuani kama mtu aliyebeba pacha. Ndani mna pistoni na konrodi mpya, zimetoka ng'ambo. Siku za kazi Yusra huwaendesha wageni wa hoteli za Diani kwenda kutazama wanyama Shimba Hills. Siku zake mwenyewe huendesha Korola nyeupe, kuukuu, kwenye mbio za Kinango.

Injini yake ya kwanza ilikufa mwezi wa Februari, akiwa mbioni. Konrodi moja, ule mkono wa chuma unaoipandisha na kuishusha pistoni, ilikatika vipande viwili, ikatoboa ubavu wa injini na kutokeza nje. Oili ya moto ikamwagikia ekzosi, moto ukawaka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja. Nilikimbia na ndoo ya mchanga nisijue ni nani aliyenipa. Nilipofika alikuwa amekwisha kutoka, amesimama, anautazama mkono wake wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kovu liko pale, kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo.

Leo amefungua sanduku na kuniwekea konrodi moja mkononi.

"Baba, zile za kiwandani zilitengenezwa kwa mtu anayekwenda sokoni," aliniambia. "Mimi siendi sokoni. Hizi zimefuliwa kwa kugongwa, si za kusubu kwenye kalibu. Nataka injini inayopiga resi elfu nane, mizunguko elfu nane kwa dakika, bila kulalamika."

Nikamwambia inshallah. Chuma kilikuwa baridi, chepesi kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 5 Aprili

Mke wangu Twaiba ameyaona masanduku. Hakusema kitu. Ameingia jikoni akaendelea kukuna nazi.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumeirudisha injini tupu kutoka Mombasa, ambako mafundi wa kuchonga vyuma wameyapanua matundu yake yalingane na pistoni mpya. Tuliivusha kwa feri nyuma ya pikapu, imefunikwa turubai. Munee aliketi juu yake njia nzima kama kuku anayeatamia.

Munee ni Mkamba, kazaliwa kwenye mashamba ya makazi huko Shimba Hills, na tumefanya kazi pamoja tangu Yusra yuko chuoni anasoma alifu. Ni mtu wa maneno machache. Tulipofika Ukunda akagonga kioo, nikadhani kuna hatari. "Bwana Salimu," akasema, "hii ya sasa tusiharakishe." Kisha akarudi chini ya turubai.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumapili, 27 Aprili

Leo tumepima uzito wa pistoni na konrodi, mimi na Yusra. Kwenye injini ya kwenda sokoni hakuna anayejali. Kwenye resi elfu nane, ikiwa moja ni nzito kuliko wenzake hata kwa uzito wa punje chache za mchele, injini nzima hutetemeka mpaka kitu kikatike. Tulipima, tukasugua iliyo nzito, tukapima tena. Yusra ana subira ambayo sikuwahi kumfundisha. Nyumbani hawezi kungoja chai ipoe.

Alikuwepo pia Lewis. Huyu ni kijana wa bara, kazi yake ni kompyuta katika hoteli moja ya Diani, na ndiye atakayeifundisha kompyuta ya injini namna ya kuchoma mafuta. Anavaa viatu vyeupe gerejini. Ananiita "mzee" kwa namna ambayo sijui kama ni heshima au mazoea. Aliketi juu ya tairi, kompyuta yake mapajani, anamchekesha Yusra. Sikufurahi. Nilimwuliza wazazi wake wako wapi, akasema Machakos, nikamwambia ni mbali.

"Baba!" Yusra akanikatiza.

"Mbona, nimesema uongo? Machakos si mbali?"

Munee alicheka peke yake nyuma ya gari.

Ijumaa, 2 Mei

Baada ya sala ya Ijumaa tumefunga konrodi. Kila moja hushikwa kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa bolti mbili, na bolti hizo ndizo hubeba kila kitu. Ukikaza kidogo zinafunguka, ukizidisha zinanyooka na siku moja zinakatika. Yusra alitaka kukaza yeye. Nilimwambia hii kazi ni yangu.

Spana ya mkazo ililia nilipofika kipimo. Nikapaka oili bolti ya pili, nikakaza. Kwenye ya tatu nikasimama. Nilisikia harufu ya ule moto wa Februari, wallahi niliisikia, hali gereji ilikuwa na harufu ya mvua tu. Nikamwomba Munee aendelee. Yusra alinitazama. Nilisema jasho limeniingia machoni.

Miaka yote hii nimefunga injini za watu. Nakaza, nafuta mikono, naondoka. Sijawahi kukaza bolti nikiwa najua ni nani atakayeketi nyuma yake.

Jumanne, 6 Mei

Barabara ya Mkongani imekatika. Gari moja tu leo, la kubadilisha plagi.

Ijumaa, 9 Mei

Imewaka! Mara ya pili tu kuzungusha ufunguo. Valvu kumi na sita, springi mpya ngumu, na sauti yake si ya Korola yoyote niliyowahi kuisikia, ni kama kitambaa kipya kinachochanwa. Munee alivua kofia. Yusra alinikumbatia na mikono yake yote ya oili, shati langu jeupe limekwisha.

Kwa sasa tunaizoesha taratibu, bila kuipeleka juu, mpaka ringi za pistoni zikae sawa. Ameahidi hatavuka resi elfu tano mpaka siku ya majaribio.

Nilipofika nyumbani Twaiba aliliona shati. "Imewaka?" akauliza. Nikasema imewaka. Akalichukua shati akalitia kwenye beseni.

Jumapili, 11 Mei

Nimezungumza na Lewis, mimi na yeye tu. Yusra alikuwa kazini. Nilimnunulia mahamri na mbaazi, nikamketisha.

Nikamwambia, "Mwanangu, hicho kikomo cha resi kinachowekwa kwenye kompyuta, kile kinachoizuia injini isipande zaidi, kinaweza kuwekwa popote?"

"Popote, mzee. Yusra amesema elfu nane."

"Weka elfu sita. Usimwambie."

Aliacha kutafuna. "Mzee, hiyo siwezi. Gari ni yake."

"Na binti ni wangu."

"Sawa. Basi mwambie wewe. Akikubali, naweka saa hii hii. Lakini kumficha dereva kitu kilicho ndani ya gari yake, hapana, mzee wangu. Nisamehe."

Alimaliza mbaazi, akanawa, akashukuru, akaenda. Nimekasirika siku nzima. Kijana wa viatu vyeupe kunifunza mimi.

Jumanne, 13 Mei

Lewis amekwenda Machakos kumzika nyanya yake. Ameiacha kompyuta yake gerejini ili Yusra aitumie kutazama joto la injini.

Alhamisi, 15 Mei

Nimefanya.

Nilikuwa nimemwona Lewis akifanya mara nyingi, si kazi kubwa. Unaunganisha waya, unafungua ukurasa, unaifuta tarakimu, unaandika nyingine. Nikaandika elfu sita. Nilipoinua kichwa, Munee alikuwa mlangoni na jeki mkononi. Aliiweka jeki chini, akatoka tena mvuani.

Najiambia kwamba Yusra hatajua. Atadhani injini ina uzito wake, atamaliza wa tano au wa sita, atarudi nyumbani na mikono miwili.

Jumapili, 18 Mei

Sijui nianzie wapi.

Tulikwenda Kinango kwa majaribio. Huku kwetu matope, kule vumbi kama kawaida, kana kwamba si kaunti moja. Uwanja ni ule ule, njia ya udongo mwekundu wa murram inayozunguka vichaka vya miiba. Munee alisimama na bendera penye kona ndefu ya chini, mahali anaposimama siku zote. Mimi nilisimama juu kidogo.

Mizunguko miwili ya kwanza alikwenda polepole, ya kupasha joto. Wa tatu akafungua. Nilisikia injini ikipanda, ikapanda, nami nilikuwa nahesabu kwa masikio kama fundi. Aliingia kona ndefu gari likiwa limelala ubavu, matairi ya nyuma yanasukuma nje, mchanga unaruka. Ndivyo inavyoendeshwa kona ile, kwa nguvu ya injini. Ukiwa umeliegemeza gari hivyo, injini ndiyo inayolishika.

Na injini ikakata.

Tak-tak-tak-tak, kama mtu anayegonga bati. Ni kikomo. Ni tarakimu yangu. Nguvu iliyokuwa ikilishika gari ikatoweka mara moja, matairi yakashika ardhi ghafla, gari likajipindua upande wa pili. Lilizunguka mara mbili. Nilimwona Munee akitupa bendera, nikamwona akiruka, kisha vumbi likafunika kila kitu.

Nilikimbia safari hii bila ndoo.

Gari lilikuwa limeingia kwenye ua wa miiba, pua imebonyea, rejeta inavuja mvuke. Yusra alikuwa anafungua mikanda yake. "Munee yuko wapi?" Hilo ndilo neno lake la kwanza. "Baba, Munee yuko wapi?"

Munee alikuwa kwenye mtaro nyuma ya ua, ameketi, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimeinama mahali kisipopaswa kuinama. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Niko sawa," alisema. "Mtoto?"

Tulimchukua mpaka hospitali ya Msambweni. Njia nzima Yusra aliendesha pikapu, anasema maneno yale yale: "Ilikata. Sikufanya kitu, ilikata tu. Sikutazama geji, nilikuwa natazama njia. Ilikata tu, baba." Nilikuwa nimemshikilia Munee asiyumbe. Kila shimo la barabara lilimtoa sauti ndogo puani.

Nilifungua kinywa mara ngapi, Mungu anajua.

Jumatatu, 19 Mei

Munee ametiwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Yusra ameketi kando ya kitanda chake tangu asubuhi. Nilipoingia nilimkuta anamwuliza:

"Mjomba Munee, wewe ulikuwa karibu. Ulisikia nini?"

Munee alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Ni waya," alisema. "Waya umelegea mahali. Ilisikika kama waya."

Yusra akaitikia kwa kichwa. "Nami nimefikiri hivyo. Nitautafuta."

Mimi nilisimama pale na chupa ya uji mkononi.

Jumatano, 21 Mei

Yusra amechukua likizo. Ameng'oa dashibodi. Anafuata waya mmoja mmoja, anausafisha, anaurudisha.

Ijumaa, 23 Mei

Bado waya.

Jumamosi, 24 Mei

Ameng'oa waya zote za injini, amezilaza sakafuni juu ya gazeti. Vidole vyake vimechubuka. Ameniomba nimshikie tochi, nikamshikia. Alikuwa chini ya usukani, sauti yake inatoka kama ya mtu aliye kisimani: "Ningemuua Munee, baba. Unajua? Ningemuua kwa sababu ya waya mmoja."

Nilisema, "Usiseme hivyo."

Hilo ndilo tu nililoweza kusema. Mwanamume mzima.

Jumatatu, 26 Mei

Lewis amerudi. Aliiwasha kompyuta ili aone kumbukumbu za siku ya ajali, akaifunga. Akaniomba nimsindikize mpaka dukani kununua maji.

Tulipofika nyuma ya duka alisimama. Nilingoja anitukane. Angeweza, na ningekaa kimya.

"Mzee, umwambie wewe," alisema taratibu. "Isitoke kwangu. Ikitoka kwangu atapoteza baba. Ikitoka kwako atakasirika tu. Lakini simwachi aendelee kung'oa waya. Mpaka Ijumaa, mzee."

Alinunua maji, akaninunulia na mimi chupa. Nimekuwa nikimtazama viatu tu tangu Aprili.

Ijumaa, 30 Mei

Nimemwambia.

Hakukuwa na mvua. Tumetoka msikitini, nikapita moja kwa moja gerejini kabla sijala. Alikuwa amechutama kando ya gari, anakata utepe wa gundi wa waya kwa meno. Nilimwambia aache. Akasema, "Dakika moja." Nikamwambia hakuna waya.

Nilimweleza yote: mbaazi za Lewis, kompyuta, tarakimu, Munee mlangoni. Sikujitetea. Nilitaka kutaja moto wa Februari nikaona si haki yangu kuutaja, mkono uliochomeka ni wake.

Yusra alisimama. Akaziweka koleo kwenye sanduku la vifaa, mahali pake. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, vidole kimoja kimoja, kama afanyavyo siku zote kabla ya kwenda nyumbani. Kisha akanigeukia.

"Nilipokuwa kwenye ile kona," alisema, "nilikuwa naamini vitu viwili tu. Gari na wewe."

Akatoka. Ametuma ujumbe kwa mama yake kwamba yuko Mkongani, kwa shangazi yake Mwanarusi.

Jumapili, 1 Juni

Nilidhani Twaiba atakuwa upande wangu. Yeye ndiye asiyetaka mbio, yeye ndiye ambaye tangu Februari hajakanyaga gerejini. Nilipomwambia nilichokifanya, nilimwambia kama mtu anayetaka kuungwa mkono. Alikuwa anachambua mchele.

"Ungemwambia asikimbie, ningekuombea dua," alisema. "Angekununia mwaka mzima, na iwe. Lakini ulimwambia kimbia, kisha ukamfunga miguu akiwa mbioni. Mimi nilinyamaza, Salimu. Ukimya wangu alikuwa anauona. Wewe ulimchekea."

Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema bila kuinua macho, "Umekwenda kwa mke wa Munee kuomba radhi?"

Nilikuwa sijakwenda.

Jumatatu, 2 Juni

Nimekwenda. Munee alikuwa nyuma ya nyumba anajaribu kupalilia kwa mkono mmoja. Mkewe Kavenya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jembe liko pale. Nimepalilia mahindi yao mpaka alasiri. Munee aliketi kwenye gogo akinielekeza ni upi mhindi na lipi gugu, kana kwamba sijui.

"Kwa nini ulisema ni waya?" nilimwuliza.

Alifikiri. "Kwa sababu ungeanguka pale pale hospitalini. Na tayari nilikuwa na mkono mmoja, nani angekubeba?"

Sikuweza kucheka. Yeye pia hakucheka.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Yusra amekuja. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Tumekula pilau sinia moja, sote watatu. Ameusifu upishi wa mama yake. Akarudi Mkongani kabla ya magharibi.

Jumatatu, 9 Juni

Nilipofungua gereji leo nilimkuta amekwisha fika, ameketi kwenye kizingiti, ovaroli amevaa.

"Mbio ni mwisho wa mwezi," alisema. "Nina masharti. Injini inafunguliwa yote. Kila bolti nakaza mimi. Wewe utasoma kipimo kwa sauti, na utaniambia ukweli, hata kama ukweli ni kwamba unaogopa. Hasa hapo."

Nikasema nimekubali.

"Na usilie, baba. Nina kazi."

Jumamosi, 14 Juni

Kazi. Lewis amenyoosha pua ya gari na kijana wa bodi za magari kutoka Ukunda, viatu vyake si vyeupe tena. Rejeta mpya imeingia. Konrodi tumezipima zote kwa maikromita, bolti hazijanyooka hata moja. Yusra amekaza. Nilisoma kipimo. Kwenye silinda ya tatu akasimama, akanitazama.

"Sema."

"Ninaogopa," nikasema.

"Kipimo je?"

"Kipimo kiko sawa."

"Haya." Akaenda kwenye ya nne.

Ijumaa, 20 Juni

Lewis aliunganisha waya, akafungua ule ukurasa, kisha akasogea kando. Tarakimu yangu ilikuwa bado iko pale. Sote wanne, hata Munee, tuliitazama.

Yusra akaniuliza, "Kama fundi. Si kama baba. Hii injini inaweza nini?"

Nilifikiria bolti, springi, pistoni tulizozisugua, mafuta, kila kitu. Nikasema, "Elfu nane inaweza."

Aliandika elfu nane. Kisha akanisogezea kompyuta, ili kitufe cha mwisho nikibonyeze mimi.

Jumapili, 29 Juni

Kinango. Nimeandika haya nikiwa nimeketi kwenye pikapu, nataka niandike kabla hayajapoa.

Twaiba hakuja. Asubuhi alimfunga Yusra mtandio, akamsomea, akampulizia kichwani. Alituambia atakuwa juu ya mswala mpaka tupige simu.

Magari tisa katika daraja lao. Yusra alitoka wa nne. Mzunguko wa pili akawa wa tatu. Mtangazaji alikuwa na kipaza sauti kibovu, lakini jina lake nililisikia. Kwenye kona ndefu nilishika ukuta wa pikapu kwa mikono miwili. Gari likalala ubavu, mchanga ukaruka, injini ikapanda, ikapita pale ilipokatia mwezi wa Mei, ikaendelea kupanda, na gari likatoka konani limenyooka kama uzi. Munee, na plasta yake, alinipiga begani kwa mkono mzima.

Mzunguko wa sita akawa wa kwanza. Watu walisimama juu ya magari. Lewis alikuwa anapiga kelele kwa Kikamba, na Munee anamjibu.

Ukabaki mmoja. Aliingia nyuma ya kilima, mahali ambapo huwezi kumwona, unamsikia tu. Nilikuwa namsikia. Resi ya juu, ya juu kabisa, safi.

Kisha kimya.

Haikugonga. Haikupasuka. Ilinyamaza tu. Gari la pili likatokea upande wa huku, la tatu, la nne. La Yusra halikutokea. Nilikuwa nimekwisha kuruka chini na mtungi wa kuzimia moto, nakimbia katikati ya uwanja, watu wananipigia kelele niondoke njiani. Nilitazama angani juu ya kilima kutafuta moshi. Nilikuwa nasema jina lake au jina la Mungu, sijui.

Nilipopanda kilima nililiona gari limeegeshwa vizuri kando ya njia, kama gari la mtu aliyesimama kununua machungwa. Yusra ameketi juu ya boneti, helmeti mapajani. Hakuna moshi. Hakuna oili chini.

"Nimeizima," alisema. "Geji ya presha ya oili ilianguka. Mara moja ikaruka ikarudi, nikasema labda ni geji. Ikaanguka tena, nikazima."

Nilikuwa sina pumzi. "Ulikuwa wa kwanza."

"Nilijua."

"Ulibaki mzunguko mmoja. Nusu."

"Nilijua, baba." Alitazama njia, magari yanapita moja moja, vumbi linamwangukia. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayafuti. "Nilitaka sana. Nilitaka kuiacha iende tu."

Nimeketi chini, pale pale kwenye murram, nimeegemea gurudumu la mbele. Akashuka kwenye boneti akaketi kando yangu, akanipa maji yake. Tulikaa hivyo mpaka Munee na Lewis walipotufikia na kamba ya kuvutia.

Mtungi ulikuwa bado uko mkononi mwangu. Lewis ndiye aliyevibandua vidole vyangu.

Jumanne, 1 Julai

Tumeifungua. Bomba linalovuta oili kutoka sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, limepata ufa mwembamba kama unywele, lilikuwa linanyonya hewa. Bomba la zamani, hatukulifikiria kulibadilisha. Beringi tulizitoa moja baada ya nyingine tukazifikisha kwenye mwanga. Mbili zina michirizi midogo, basi. Krenki haina hata alama. Munee alisema angeongeza dakika moja tu tungekuwa tunaokota konrodi uwanjani.

Adhuhuri Twaiba aliingia gerejini na chakula chetu. Sikuamini. Alisimama kwanza mlangoni, kisha akaweka sufuria juu ya pipa, akaja mpaka penye injini iliyo wazi, akaiinamia huku ameshika leso isiguse oili.

"Ni ipi," aliuliza, "ile iliyokatika Februari?"

Yusra alichukua konrodi moja kutoka mezani, akaifuta, akampa mama yake. "Ni kama hii, mama. Ile ilikuwa nyembamba zaidi."

Twaiba aliishika kwa mikono miwili. Aliigeuza, akaitazama tundu la juu na la chini, akapitisha kidole gumba ubavuni mwake polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Munee aliacha kazi. Nje pikipiki ilipita, ikaenda zake. Alikaa nayo muda mrefu hata nikadhani ataondoka nayo.

Kisha akamrudishia Yusra.

"Ikaze vizuri," alisema, akaenda kutupakulia wali.